Jiko kwa Chumba ya Kagwiria

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimetoka machimbo, mgongo umekufa. Binti yangu Kagwiria amejifungua, ametoka hosi na mtoto. Msichana! Baba hajulikani, kwa hivyo jina ni ya kwetu — Nkirote, ya marehemu bibi yangu, mama ya Kagwiria. Angekuwa hai angelala na wao. Miaka tatu yuko kwa udongo. Sasa ni dada ya marehemu, Cicily, anakuja mchana. Anasema mzazi hapigwi na baridi, niwashe jiko niweke ndani. Nimeweka. Nimeziba dirisha na magunia, hata chini ya mlango. Hii baridi ya Kanyakine mwezi wa saba ni mbaya.

Jumanne, 9 Julai
Kagwiria analia kichwa. Uji ameacha. Lakini midomo nyekundu — Cicily anasema ni damu inarudi. Nimeongeza makaa.

Jumatano, 10 Julai
Nimebisha, kimya. Nimesukuma mlango. Kagwiria chini, ametapika. Mtoto amelegea kama kitambaa. Munyi wa jirani ametubeba na gari yake, probox.
Nesi akaweka ile kitu ya kidole. Tisini na nane. Akasema hewa iko sawa. Daktari Wanjira akaniuliza kama walilala na jiko ndani. Nikasema ndio.
"Mzee, damu ni kama lori, ndio inabeba hewa kutoka kwa mapafu ikipeleka kila mahali. Ile sumu ya makaa haina harufu. Inaingia kwa damu, inakalia nafasi ya hewa, na haitoki haraka. Hiyo mashine inaona lori imejaa. Haijui imebeba nini."
Nimeelewa. Lori najua.
Wamewekwa oksijeni. Mtoto na kamask kadogo.

Alhamisi, 11 Julai
Mtoto amelia. Sauti mbaya, lakini sauti.
Cicily amekaa kwa benchi, hataki kuniangalia. Anasema mama yake alilea wao wote na moto ndani na hakuna aliyekufa. Nikamwambia ile ilikuwa nyumba ya nyasi, moshi ilitokea juu. Hii ni mabati na simiti. Na ni mimi niliziba.
Akanipa chai.

Ijumaa, 12 Julai
Tumeruhusiwa. Wanjira anasema mtoto ako poa. Kagwiria nimwangalie. Kichwa ikikosa hewa inaweza kuanza kusahau hata baadaye. Nikiona hivyo nirudi mbio.

Jumapili, 14 Julai
Kanisa sijaenda. Mvua, barabara ni matope tu. Dirisha nimeacha wazi. Jiko iko nje chini ya mabati, inawaka bure. Mtoto nimemfunga kwa kifua, ndani ya koti. Ana joto, ananyonya kidole yangu.
Kagwiria amejifunika blanketi zote, bado anatetemeka. Anaangalia mlango. Ananiuliza mbona mama hajaleta jiko ndani.
Nampigia Munyi alete gari. Hashiki.