Kadi ya Mama, Damu ya Mama Mdogo

4 Mei

Mama, shikamoo. Huko hamjambo? Baba mgongo unaendeleaje? Huku mtoto hajambo, ananyonya kama kesho hakuna.

Ila wametupima damu, mimi na yeye, wakatukuta na vimelea. Usishtuke. Ameanza dawa, na watoto wakiwahiwa hupona. Daktari anasema mimi nilivipata tumboni mwako, na wewe labda kwa wale wadudu wanaofyonza damu usiku, wa kwenye nyufa za kuta za udongo, nyumba ya babu. Vinakaa kimya miaka, halafu vinaharibu moyo. Na wewe ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Wanataka familia yote ipimwe, kuanzia kwako. Nenda, nakuomba.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima, mgongo wa baba yako unauma akiitwa kazini tu.

Nimekubeba miezi tisa, nimekulea, leo naambiwa nimekupa wadudu! Moyo wangu unakwenda mbio kwa sababu ya baba yako, muulize. Haya, nitapima, uache kunisumbua.

Mama yako

10 Juni

Mwanangu, hujambo? Mjukuu wangu je? Usicheke.

Mimi na sindano unatujua. Nikampa mama yako mdogo kadi yangu akatolewe damu badala yangu. Si anapenda hospitali! Nilijua yeye ni mzima, majibu yatakuja safi, wewe utatulia na mimi nitatulia. Weee! Wamemkuta na vimelea!

Sasa dawa zimeandikwa jina langu. Mdogo wangu anasema, "Kadi yako, ugonjwa wako, meza." Nami namwambia damu ni yake. Dawa ziko juu ya kabati, hakuna anayezigusa, na amegoma kunisuka. Kichwa nimesukwa nusu. Nifanyeje?

Mama yako

24 Juni

Mama, shikamoo. Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto, halafu nikalia.

Damu ni ya mama mdogo, ugonjwa ni wake. Arudi hospitali akaseme ukweli, apimwe upya kwa jina lake. Lakini utotoni kwa babu mlilala kitanda kimoja, ukuta ule ule, na wewe huenda unavyo. Sikulaumu, Mama. Mimi mwenyewe nimemwambukiza mwanangu, na wala sikujua. Naogopa kupigiwa simu kwamba umeanguka. Nenda mwenyewe. Fumba macho, nitukane ukipenda.

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu, marahaba. Sote hatujambo, na kichwa kimesukwa chote.

Nimekwenda. Hukuwepo, nikamtukana nesi. Mdogo wangu alinishika mkono huku akieleza foleni nzima jinsi yeye alivyotangulia bila kulia. Ninavyo, mwanangu. Moyo umeguswa, lakini kidogo, na daktari anasema nimewahi. Ungeninyamazia, ningekufa na ubishi wangu. Ahsante.

Sasa tunakaa mezani baada ya kula, kila mmoja na dawa zenye jina lake, tunachungana mdomo kama mahabusu.

Picha ya mjukuu nimeiona. Vimelea nilimpa bila kujua, na namshukuru Mungu vitamtoka. Ila hiyo pua ni yangu, na usimpeleke popote kuitibu.

Mama yako