Namna Bravin Alivyoingia Ziwa la Mlimani

Ufuo wa Sori,
Nyatike, Migori.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa dada yangu Lynnet,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako Jacktone, yule mwenye sura nzuri kuliko wote kwa boma letu, hata kama mmekataa kukubali miaka yote hii. U hali gani? Kidonda cha upasuaji kimefunga? Na nyathi mdogo ananyonya vizuri, analala? Nasikia jua la Lodwar linaripoti kazini saa moja asubuhi na halitaki kwenda nyumbani jioni. Shemeji Matiko naye mwambie mwalimu mzima haogopi nepi. Mtu aliyelelewa kwa Wakuria katikati ya mafahali atashindwaje na kitu kidogo hivyo?

Sisi huku tuko tu. Mimi mwili uko sawa. Kwa wazazi wako, Mama Risper anakula kidogo, lakini anakula. Baba mkubwa anashinda kwa nyavu zake na maneno yake yamepungua, unaweza kukaa naye asubuhi nzima usipate kumi. Omena imepotea ziwani tangu Januari, wavuvi wanauziana stori. Ile mbuzi yako nyeupe ilizaa mapacha, na mmoja ana kichwa kikubwa kama cha shemeji.

Sasa dada, uliniambia kwa simu nikuandikie kwa karatasi namna Bravin alivyokufa. Ukasema mtoto umempa jina la ndugu yako, na siku moja atauliza, na wewe hukuweza kuja kumzika kwa sababu ulikuwa umelazwa. Ukasema, "Jack, wewe ndiye ulikuwa naye, na wewe unajua kusimulia." Hiyo ya kujua kusimulia ni kweli, sibishani nayo. Shida yote imetoka hapo.

Mara tatu nimekupigia nikitaka kukuambia, na mara tatu nikakuchekesha nikakata simu. Mdomo wangu ukishika simu unatafuta mlango wa nyuma. Kwa hivyo leo nimeketi na kalamu. Niliacha shule kidato cha pili, unajua, kwa hivyo mistari ikipanda kilima usimpe shemeji asahihishe kwa wino mwekundu. Soma peke yako, mtoto akiwa amelala.

Unajua tulivyoenda. Shimo letu la dhahabu pale Masara liliporomoka Desemba, Mungu akasaidia hakuna mtu alikuwa ndani, na wenye shamba wakafunga kazi. Bravin naye alikuwa amekaa bila samaki. Kijana mmoja tuliyechimba naye akatuambia huko Mlima Kenya, upande wa Chogoria, wanatafuta watu wa kubebea wageni mizigo. Bravin hakutaka. Alisema yeye ni mtu wa maji, mlima ataufanyia nini? Mimi ndiye nilimsukuma. Nilimwambia mtu kama mimi aliyepandisha mawe kutoka shimo la futi arobaini hawezi kushindwa na begi la Mzungu. Akacheka, akafunga nguo zake. Kosa hilo la kwanza liandike kwa jina langu.

Tulikuwa wapagazi watano, wageni wanne, na kiongozi wa msafara anaitwa Mutwiri. Ni mzee wa kama miaka hamsini, mfupi, kofia ya sufu haitoki kichwani, sauti yake ya chini mpaka unainama ndio usikie. Huyu Mutwiri ndiye yule unayemjua kwa picha.

Siku ya tatu tukafika ziwa lenye tulikuwa tunaenda kulala kando yake. Dada, usifikirie ziwa kama letu. Hilo ni dogo, ukiita upande huu mtu wa ng'ambo anaitika. Maji ni meusi, kuta za mawe zimelizunguka kama sufuria. Hakuna matete, hakuna mashua, hakuna hata ndege mmoja anayevua. Bravin alisimama akavuta pumzi kwa pua akasema, "Omera, ndugu yangu, hili ziwa halina harufu." Tulicheka, lakini ni kweli, halikuwa na harufu yoyote.

Jioni hiyo kabla jua halijaingia Mutwiri alituita wapagazi wote. Akasema mtu asiingie kwa hayo maji, hata miguu. Maji ya kupika tuchote pale kijito kinapotokea, na tuchote wawili wawili. Akasema, "Haya maji hayakupi muda." Alisema mara mbili, akitutazama mimi na Bravin, maana alijua tumetoka wapi. Na mimi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, nikamuuliza, "Mzee, kwani wewe unajua kuogelea?" Akasema hajui. Nikamwambia basi ziwa awaachie watu wa ziwa. Wapagazi walicheka. Bravin alicheka. Mutwiri hakucheka wala hakukasirika, alienda kuangalia kamba za mahema.

Baridi ya kule siwezi kukuelezea na wewe uko Lodwar. Ugali ulikataa kuiva, tukala uji mgumu. Bravin kichwa kilimuuma, pumzi fupi, meno yakawa yanagongana mpaka kukapambazuka. Tulipotoka kwa hema nyasi zilikuwa nyeupe, na chupa yake ya maji ilikuwa jiwe. Vidole havikuweza kuwasha jiko.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole.

Jua lilipoanza kugusa kuta za mawe, ziwa likaanza kutoa moshi. Ule ule moshi unaoujua. Wewe umelelewa hapa, si unajua asubuhi tukirudi na omena, tumelowa, upepo unakata masikio, tunafanya nini? Tunaruka majini. Maji ya Sori saa hiyo ni kama chai, unazama mpaka shingo unapata joto, unatoka ukiwa mtu. Tumefanya hivyo tangu tukiwa watoto wadogo bila suruali. Mimi nikaona moshi, nikaona ndugu yangu anatetemeka, nikasema, "Omera, ingia maji upate joto."

Bravin akasema, "Mzee alikataza."

Nikasema, "Huyo anaogopa maji kama paka. Ziwa ni ziwa. Ama umeshakuwa mtu wa mlimani?"

Hayo ndiyo maneno yenyewe, sijaongeza wala kupunguza. Alivua koti, akavua viatu, akanitazama akatabasamu vile hutabasamu ukimtania mbele ya wasichana. Akakimbia, akaruka kichwa mbele kama anavyoruka kutoka mashuani.

Alitokea mara moja. Mdomo ulikuwa wazi lakini sauti haikutoka, kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Mikono ilipiga maji mara mbili, haikuwa kuogelea. Kisha akarudi chini. Ni muda wa mtu kufunga kamba za viatu, dada. Hakuwa mbali, hatua kumi na tano, labda ishirini.

Unanijua mimi. Nikiwa na miaka kumi na miwili mashua ya Baba mkubwa ilipinduka nikaogelea mpaka ufuoni nikiwa nimeshika debe la mafuta kwa mkono mmoja, na nimeisimulia hiyo hadithi kwa kila mtu mwenye masikio. Siku hiyo niliingia mpaka magoti. Baridi ilinishika mifupa kama kitu chenye meno, nikarudi nyuma. Nilirudi nyuma, Lynnet. Nikasimama kwa mawe nikipiga kelele.

Mutwiri ndiye alikuja. Alitoka kwa hema la jiko akikimbia na kamba, amejifunga upande mmoja kiunoni, upande wa pili akaniwekea mkononi. Alisema, "Shika," basi. Akaingia. Alitembea mpaka maji yakafika shingo, akaendelea mpaka yakafunika kofia. Mtu asiyejua kuogelea. Alimtafuta Bravin kwa miguu chini ya maji, akamshika mkono, na wageni wawili wakanisaidia kuvuta kamba mpaka wote wawili wakatoka. Tulimkandamiza Bravin kifua mpaka jua likafika kambini. Hakurudi. Mutwiri alikuwa amelala kando yake, midomo ya buluu, anamwita kwa jina ambalo alikuwa amelijua siku tatu tu. Alilazwa siku tisa kwa ajili ya mapafu, na vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Sasa matanga. Unajua kwetu mwili hauingii kaburini kabla aliyekuwa na marehemu hajasimama mbele ya watu akaeleza kifo kilivyokuja. Pasta akaniita. Nakuapia, nilitoka kwa kiti nikiwa na ukweli mdomoni. Kisha nikapewa kipaza sauti, nikaona uwanja umejaa mpaka barabarani, nikaona Mama Risper ameketi chini kwa mkeka kando ya jeneza, ananitazama. Nikasema kiongozi alimtuma Bravin peke yake kuchota maji mahali penye utelezi. Nikasema hakuwahi kutuonya. Nikasema alisimama kwa mawe akipiga kelele, na mimi ndiye niliyeingia mpaka maji yakanifunika kichwa.

Unaona nilichofanya? Nilivua aibu yangu nikamvisha, na nikavaa nguo yake.

Na nilisimulia vizuri. Wanawake walipiga mayowe. Bibi mmoja nisiyemjua alinipangusa uso kwa leso yake. Tangu siku hiyo nikifika kwa watu napewa kichwa cha samaki, nafasi napewa ya kukaa. Nilikula, sitakudanganya. Wiki ya kwanza nilikula vizuri kabisa.

Kisha maneno yakatoka bomani yakaanza kutembea peke yake. Baba mkubwa na wazee wakaenda kwa chifu, chifu akaandika, polisi wa huko mlimani wakamwita Mutwiri na ruhusa yake ya kuongoza watu ikashikwa. Wewe ukaweka picha yake Fesibuku ukaandika "muuaji wa ndugu yangu." Sikulaumu, uliandika nilichokupa. Lakini watu wameisambaza, mmoja akaweka mpaka jina la soko la kwao. Ijumaa yule kijana aliyetutafutia kazi alinipigia. Anasema watu walirusha mawe kwa paa la Mutwiri mchana kweupe, na mke wake sasa haendi sokoni. Anasema mzee hajibu chochote, ameketi tu kitandani na mguu wake umefungwa bendeji. Kesi yenyewe wanangoja shahidi, na shahidi ni mimi. Jumanne ndiyo siku niliyopangiwa kupelekwa nikaandikishe maneno yangu.

Leo baada ya kanisa nimemwambia Baba mkubwa, baba yako. Nilimkuta anashona wavu. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia. Hakuacha kushona. Nilipomaliza akauliza, "Huyo mzee anajua kuogelea?"

Nikasema, "Hajui, baba."

"Na wewe?"

Nikainama nikaokota kipande cha uzi.

"Jacktone, nimekuuliza. Na wewe?"

Nikasema, "Najua."

Akakata uzi kwa meno. Nilitamani anipige, kofi lingekuwa afadhali. Kisha akasema, "Jumanne tunaenda. Huku uliongea na kipaza sauti. Huko utaongea bila." Akasema tukitoka kwa polisi tutapitia nyumbani kwa yule mzee, na kule yeye ndiye atatangulia kuingia kwa mlango, kwa sababu mwanawe alitolewa majini na mkono wa mtu huyo na hajamwambia asante. Akasema tukirudi wazee wataitwa tena, na watakaa pale pale walipokaa siku ya mazishi. Kisha akaniambia, "Lynnet umwambie wewe. Mimi siwezi kuibeba hiyo mpaka kwake."

Mama Risper alisikia kutoka jikoni. Alileta chakula akaniwekea, sahani ile ile ya kila siku. Hakuniita jina.

Sijui kama huko polisi watanirudisha nyumbani au watanibakisha. Kudanganya juu ya kifo cha mtu nasikia si jambo dogo. Nikibaki, mbuzi wako nimemwachia mtoto wa jirani, anawajua.

Shangazi Caren yuko hapa kutoka Homa Bay, anakusalimu na anasema mtoto asiogeshwe maji baridi. Huyo hajui bado, atajua kesho. Msalimie shemeji Matiko, na Teresa mdogo wako wa kanisani aliyekaa na wewe hospitalini, mwambie ero kamano, asante yetu sote. Mungu akulindie hicho kichanga, akue awe mrefu kama mjomba wake, na awe na ndugu wa kumwambia ukweli kuliko huyu.

Karatasi yenyewe itakuja kesho na basi, lakini nimeipiga picha kila ukurasa nikutumie sasa hivi, kwa sababu ya jambo moja. Ukifika mwisho hapa, kabla hujalia na kabla hujanipigia kunitukana, fungua Fesibuku, toa picha ya yule mzee. Andika pale pale kwamba ndiye aliyemtoa Bravin majini. Ukitaka uso wa kuweka, picha zangu unazo nyingi. Mimi utanitukana baadaye, niko hapa, siendi popote mpaka Jumanne. Yeye ana mke ndani ya ile nyumba.

Wako akupendaye, ukinitaka au ukinikataa,

Jacktone.