Sentensi ya Kwanza Hutoka Haraka

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mama yako macho ndiyo yamezimika kabisa, na figo bado zinamsumbua. Wewe hujambo? Unakula?

Kompyuta imefika salama. Tangu nifanyiwe upasuaji wa koo na kubaki bubu, leo ndiyo mara ya kwanza nimesema na mama yako. Nimeandika, nikabonyeza, ikatoka sauti yangu mwenyewe, ile uliyoichota kwenye kanda za enzi nikitangaza treni stesheni! Kikombe kimemponyoka. "Kumbe ulikuwa umeificha wapi?" Tumecheka mpaka machozi.

Ila nina swali, bwana fundi. Sentensi ya kwanza inatoka papo hapo. Ya tatu inajivuta. Ya tano nimeipima kwa saa: sekunde kumi na nne! Na mama yako unamjua, ananijibu kabla sijasema. Boksi limeandikwa kwamba inajiongeza kasi yenyewe. Inajiongeza lini?

Ni mimi baba yako.

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, nakula vizuri. Mpe Mama pole nyingi.

Boksi halikudanganya, ila limesema nusu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina viini vinane vya kufanyia kazi, lakini programu ya sauti yako inatumia kimoja tu. Hicho kimoja kikipewa kazi kinakurupuka kwa kasi kweli kweli, kisha kinapata moto, na kompyuta inakipunguza kasi kisiungue. Mimi niliijaribu hapa dukani penye kiyoyozi, sentensi mbili tu, nikaridhika. Ni uzembe wangu.

Iinue juu ya vitabu viwili hewa ipite chini, na chaja isitoke. Ukiwa na haraka, bonyeza kitufe chekundu: kuna sauti nyingine ya mashine, nyepesi, haikawii hata kidogo.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Sisi tuko hospitali, wiki ya pili.

Vitabu vimesaidia sentensi moja zaidi, basi. Wodi ni joto tupu, na soketi tunagombania na kitanda cha jirani. Ile sauti ya kitufe chekundu niliijaribu. Mama yako alijivutia shuka hadi kidevuni: "Nani huyo kaingia?" Sijaigusa tena.

Daktari ametuambia tujiandae. Miaka thelathini na sita nimeishi naye, na nina maneno marefu ya kumwambia. Mashine hii inanipa maneno mafupi. Fanya chochote, mwanangu.

Baba yako.

5 Aprili

Shikamoo Baba,

Siku tatu sijalala vizuri. Nimejaribu kuipunguza programu ya sauti yako iwe nyepesi, inatoka kama bati. Ruhusa ya kusafiri sijapewa kazini. Baba, sina la kufanya, na inaniuma. Ikibidi sana, tumia ile ya haraka, ila anza kwa kujitaja.

Mwanao.

29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo tu. Najua shangazi yako alikupigia. Mimi ningepiga niseme nini?

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Asubuhi ile niliyaandika yale maneno yangu marefu yote, ukurasa mzima, nikabonyeza. Ikasoma mistari miwili, ikakwama, feni ikawa inalia tu. Mama yako akauliza, "Upo?" Nikasubiri. Akauliza tena, "Mzee wangu, upo?" Nikaogopa, nikaandika jibu fupi, nikabonyeza kitufe chekundu. Ikajibu hapo hapo: ni mimi mumeo, nipo.

Akasema, "Ahsante daktari. Niitie mume wangu."

Nikaiacha, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Aliubana kidogo. Labda alinijua. Labda alidhani ni daktari ana huruma. Nawaza kila siku.

Walipokwisha kumfunika uso, kompyuta ilikuwa imepoa. Ikaendelea na ukurasa wangu kuanzia mstari wa tatu, kwa sauti yangu, bila kukwama hata mara moja. Muuguzi akauliza kama aizime. Nilitikisa kichwa, akakaa nami pale mpaka ikamaliza.

Sikulaumu hata kidogo.

Baba yako.