Bahari ya Madumu Matano

Homa Bay,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, miguu imepumzika na kifua kimeacha kukusumbua. Mama ameniambia kwenye simu kwamba dawa unazimeza pale tu anapokusimamia, nawe unajua kwamba huwa hasingizii mtu. Mimi mzima. Darasa ninalofundisha Kiswahili halijanishinda, na joto la huku nimelizoea. Ningeweza kukupigia simu, lakini nina jambo la kukiri, na nikisikia sauti yako nitaanza kumung'unya maneno. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia.

Unamkumbuka mwenye nyumba wangu, Oloo, yule fundi wa friji? Basi mtu huyo ameleta bahari sebuleni kwake. Usicheke. Hajafika pwani hata siku moja. Aliona picha ya matumbawe kwenye kalenda nyumbani kwa mteja, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Akaunda tangi la kioo linalochukua madumu matano ya maji, akaliunga kwa gundi mwenyewe, akafunga taa na pampu, na betri ya gari pembeni kwa siku ambazo stima inapotea. Chumvi ya bahari aliiagiza Nairobi, akaikoroga kwenye maji ya mvua, akiipima kwa kijichombo anachokichungulia kwa jicho moja.

Kilichonishangaza zaidi ni subira yake. Kwa wiki sita tangi lilikuwa na maji na mawe tu. Alisema maji mapya ni makali, lazima yakomae kwanza. Majirani walikuja kuona bahari, wakaona mawe, wakaenda zao wakicheka. Hapa, Baba, ziwa liko mlangoni na samaki ni wa kukaangwa akaliwe na ugali, kwa hiyo mtu anayelinda maji matupu walimwona amerogwa. Alipangusa kioo, akapima, akaandika kwenye daftari, akarudi kwenye friji zake. Samaki walipokuja hatimaye, wawili tu, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wadogo kama kidole gumba, jirani mmoja aliuliza wataliwa lini. Mke wa Oloo, Min Apiyo, yaani Mama Apiyo, alimjibu kwamba ni siku ile atakayoliwa bwana yake huyo jirani.

Vikafuata vipande vitatu vya matumbawe, vilivyooteshwa kwa wafugaji, havikung'olewa baharini. Asubuhi taa ikiwaka vinafunguka na kutoa vidole laini vinavyocheza na maji. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, wanasema, na huyo chungu nilikuwa mimi. Kila nikitoka shule nilipitia pale nikasimama, mkoba ungali begani.

Mwezi uliopita Oloo aliitwa Migori kufunga mitambo ya chumba cha kupozea maziwa, kazi ya wiki mbili. Min Apiyo alikuwa Ndhiwa akimuuguza mama yake. Tangi nikaachiwa mimi, kwa sababu, alisema Oloo, mimi niliyezaliwa pwani ndiye mtu wa bahari. Nilivimba kichwa, Baba. Aliweka alama kwenye kioo, akaniambia maji yakishuka niongeze ya mvua kutoka mtungini. Niliitikia vizuri, na moyoni nikasema huyu mtu wa bara anajua nini. Samaki wa bahari umpe maji ya mvua? Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Kila asubuhi nilikoroga chumvi yake kwenye jagi, nikajazia mpaka kwenye alama, na kwa mapenzi nikaizidisha kidogo, maana bahari yetu naijua ilivyo kali.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Ya pili, matumbawe yalijikunja yakakataa kufunguka, na samaki wakawa wanahema kwenye kona. Nikadhani wamepakumbuka kwao, nikaongeza chumvi. Siku ya kumi na mbili kipande kimoja kilikuwa cheupe kabisa. Nilimpigia Oloo nikilia. Aliacha kazi, akafika kabla ya adhuhuri, akaingia na viatu vyake vya vumbi. Alichungulia kijichombo chake, akanitazama, nami nikamweleza yote. Nilingoja anitimue nyumbani kwake. Yeye alivuta kiti.

"Mwalimu," akasema, "taa inakunywa maji peke yake. Chumvi inabaki tu hapo ndani. Ukipika maharagwe na supu ikauke, unaongeza maji ama unaongeza chumvi?"

Hapo ndipo nilipokuona wewe, Baba. Miaka yote ile kwenye mashamba ya chumvi, ukifungulia maji ya bahari yaingie vidimbwini, jua liyanywe, chumvi ibaki, uikwangue. Ndiyo iliyonisomesha. Na ndiyo niliyoionea haya, kwa maana bwenini niliwaambia wenzangu kwamba wewe ni mvuvi. Mvuvi alisikika vizuri kuliko mtu mwenye miguu iliyopasuka. Hilo ndilo nililotaka kukiri. Nilikuwa nikijiita mtu wa bahari huku nimekutupa wewe, na ningalikukumbuka, nisingaliua kitu. Nisamehe.

Oloo alikaa siku nne akitoa maji kikombe kwa kikombe na kutia ya mvua, taratibu, ili viumbe visishtuke. Lile tumbawe jeupe halikurudi. Mawili yamefunguka tena, na samaki wote wawili wako hai. Majirani hawakusikia neno kutoka kwake. Nilipomweleza mimi ni binti wa nani, aliweka kikombe chini.

"Kumbe baba yako ni fundi," akasema. "Sasa yeye alikuwa anajua aje maji imefika kuwa chumvi, na hana mashine ya kupima?"

Nimekula chumvi yako tangu utotoni, na sikuwahi kukuuliza.

Mpe mama mkono wangu, na umwambie leso aliyonipa ndiyo ninayovaa kila nikiwa nyumbani. Msalimie kaka yangu na watoto wake, na shangazi msuka mikeka, umwambie mkeka wake ndio ninaoswalia. Oloo na Min Apiyo wanakusalimu bila kukujua.

Kila jioni Oloo ananiuliza kama nimeshakuandikia. Daftari lake ameliacha wazi kwenye ukurasa mtupu, na juu yake ameandika jina lako. Niambie, Baba, nami nisikie: ulikuwa ukijuaje?

Mimi binti yako, mtoto wa fundi wa chumvi,
Mwanaisha