Mgomba Wenye Kitovu Changu

Mafiga, Jumapili, tarehe 7 Juni

Mpendwa mama,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, hata yale ambayo mtoto mwema hamwambii mama yake. Sikupiga simu kwa sababu simu ni ya shangazi, naye hukaa karibu akisikiliza. Barua nampa mama Zuhura, anayeshusha karoti sokoni kutoka huko milimani kwa bibi.

Mama, namwonea wivu mtoto aliye tumboni mwako.

Wivu ulianza Jumamosi ile ulipokuwa unaninyoa nywele za shule. Nilikaa mkekani, kisogo kimeegemea tumbo lako. Mara akanipiga teke kwenye kichwa kitupu. Ulicheka mpaka mkasi ukakuponyoka. "Anamsalimia dada yake!" Mimi nilijua hanisalimii. Ananifukuza. Wiki chache baadaye tumbo lilikuwa limejaa mapajani, nikanyolewa na shangazi, mwenye mkono mzito. "Enzi yako imekwisha, binti," alisema huku akinikunja sikio. "Zoea!"

Kisha ukapanda kwa bibi kujifungua, baba akaenda Dakawa kuvuna mpunga, nami nikabaki na shangazi.

Darasani mwalimu wa Sayansi alimchora mtoto akiwa kichwa chini ndani ya mfuko wa uzazi, na kiungamwana, ile kamba inayomletea chakula na hewa kutoka kwa mama. Alisema mtoto humo husikia moyo wa mama yake, na sauti yake pia. Niliumia. Kwa hiyo yeye anakusikia unavyoimba ukichambua maharage, na mimi nasikia redio ya shangazi. Nikanyoosha mkono nikauliza kama na sisi tulisikia. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akajibu, "Kila mmoja wenu. Ila hakuna anayekumbuka."

Nimejaribu kukumbuka, mama. Siwezi.

Alitueleza pia uchungu: mfuko unavyobana na kuachia, njia ikafunguka polepole, na kwamba kondo la nyuma lisipotoka lote mama anaweza kuvuja damu nyingi. Hapo wivu uliniacha kidogo, nikaogopa. Tafadhali uwahi hospitali, usingoje uchungu ukolee.

Jana wivu ulirudi. Mama Zuhura alisema bibi ameshapalilia chini ya mgomba wangu, anatayarisha mahali pa kuzika kitovu cha mtoto. Mgomba wangu! Nikiwa mdogo ulinishika mkono ukanionyesha: "Kitovu chako kiko hapa. Popote utakapokwenda, hapa ni kwenu." Kila likizo bibi hunituma nikausalimie kabla sijanywa uji. Jana nilimwachia shangazi ugali wote.

Leo nimekumbuka maneno ya bibi, siku tuliyokata mkungu. "Unadhani ndio ule tulioupanda ulipozaliwa? Ule ulishazaa, tukaukata. Huu ni chipukizi lake, na kale kadogo pale ni mdogo wake. Huko chini shina ni moja." Wakati ule sikumjali, nilikuwa nawaza ndizi. Sasa nayarudia maneno hayo, na nadhani ninaweza kukubali. Ila nataka kusikia kwako wewe.

Umwambie bibi shikamoo. Na jibu lako umpe mama Zuhura akishuka tena: pale chini ya mgomba, mnampa mtoto nafasi kando yangu, au mnampa yangu?

Mimi, mwanao wa kwanza