Salamu za Mama Kijiko kwa Bibi Skola

Bibi Skola,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitika marahaba na papo hapo ungeuliza kama nimekula, maana kwako salamu bila kuulizia chakula haikuwa salamu. Nimekula. Ugali na mlenda, na maziwa ya mgando kidogo. Sasa nisikilize.

Ni mimi Paulina, yule uliyemwita Mama Kijiko mpaka wenzangu wakasahau jina langu.

Jumamosi bado tunakuja Gendabi kwenye banda lako, wote sisi wa Jorodom uliotukusanya. Kigoda chako hakuna anayekikalia. Rehema alijaribu mara moja, akainuka mwenyewe bila kuambiwa, akasema kinamuuma. Mwanao ameezeka upya upande uliokuwa unavuja, ule uliokuwa ukisema utauezeka kesho.

Nimekuwa nikimsimulia kila mtu jinsi ulivyotujia. Mlima ulikuwa umeshuka na tope juu ya Jorodom, umemchukua mume wangu Daudi na nyumba yetu yote, nami nimelala kwenye sakafu ya darasa pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na wake waliokwenda. Watu wema walileta mablanketi na maharage. Wewe, mzee wa watu, uliingia na ndoo kichwani, na ndani ya ndoo mlikuwa na mavi ya ndama. Tukatazamana. Mama Emanueli akaninong'oneza, "Huyu bibi amechanganyikiwa."

Ukaitua ndoo, ukasema, "Mimi nilitoka Rwanda na mtoto mgongoni na sufuria moja. Mablanketi nilipewa pia. Yalichakaa. Njooni tufanye kazi."

Kazi yenyewe! Nani mwingine angetufundisha kuchora kwa mavi ya ndama na majivu, kuinua mistari juu ya ubao kwa kidole mpaka isimame kama matuta, iachwe ikauke, ndipo ipakwe rangi? Rula ulikuwa huitaki. Ulipima kwa bua la mtama na jicho moja ukilifumba, na mistari yako ilinyooka kuliko ya fundi seremala. Nilikuwa nakutazama tu mikono. Nimeona walimu wengi, Bibi, lakini sijaona mtu anayeiheshimu kazi yake namna ile.

Unakumbuka siku Mama Emanueli alipokuta umeacha ubao ukaenda kuchota maji? Akaona matuta. Kwetu ukuta uliokandikwa vizuri ni ukuta laini, na mwanamke anayeacha matuta anachekwa na mawifi. Basi kwa huruma zake akalowanisha kiganja, akakusawazishia ubao wote, mistari ya asubuhi nzima, ukawa laini tii. Ukarudi. Ukautazama ubao, ukamtazama yeye alivyosimama kwa fahari akingoja shukrani, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Wifi yangu," ukamwambia, "umenijengea nyumba. Sasa nisaidie kuibomoa." Nilikuwa sijacheka tangu Daudi aondoke. Siku hiyo nilicheka, nikajishangaa.

Lakini kugusa nilishindwa. Unajua. Kitu chochote laini na cha majimaji kikinigusa vidole, nasikia ule mngurumo wa mlima. Nikaja na kijiko cha jikoni, nikawa nachota kwa kijiko na kulainisha kwa kijiko. Wenzangu walikata mbavu. Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Haya, mwenzetu anapika," ukanisogezea ubao wangu. Hukuniuliza kitu.

Halafu ikaja ile ndoo ya pili, ya udongo wa Jorodom kwenyewe. Uliwatuma kina Rehema wakauchote, ukasema hakuna rangi ya kahawia nzuri kama ile. Mimi nikasimama mlangoni, siingii. Ukanitania, "Ingia, huo udongo hauna miguu." Nikakujibu, "Siku ile ulikuwa nayo." Ukainamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata nilikuta ndoo imesogezwa pembeni kabisa, na umeifunika kwa kitenge chako cha kwendea kanisani. Hukuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru sasa, Bibi. Asante. Kile kitenge ulikuwa unakipenda.

Ulitukataza kitu kimoja tu: "Msinichoree tope. Tope kila mtu amelijua. Nichoreeni lililokuwa chini yake." Rehema akachora meza yake ya mitumba. Mama Emanueli mafiga yake. Mimi nikakuambia sioni kitu, hata sura ya Daudi inaanza kunitoka, picha zote zilikwenda na mlima. Ndipo ukaniambia habari yako, mara hiyo moja tu. Kwamba sura ya mama yako ilikutoka ungali kijana, ukalia, ukaiomba irudi, haikurudi. Ila ukuta wa nyuma ya vibuyu vyake vya maziwa haukukutoka, mweusi na mweupe, pembe kwa pembe. "Basi nachora ukuta," ukasema. "Nikimaliza ukuta, nasikia anakohoa chumba cha pili."

Miaka yote hiyo watu wanasifu mapambo yako, Bibi, kumbe unamwita mama yako.

Ugonjwa wa kifua ulipokuchukua, tulikuzika hapo nyuma ya banda. Kila mtu akatupa konzi yake ya udongo. Udongo ulikuwa umelowa. Nikasimama na mikono yangu ndani ya khanga, siwezi. Rehema akatupa yake, akainama tena akatupa ya pili, akasema kwa sauti, "Hii ya Mama Kijiko." Tangu hapo kila Jumamosi nimekuwa nikipita kaburini kwako nikitazama pembeni.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi iliyopita niliondoa kile kitenge juu ya ndoo. Nimechora mlango wetu wa Jorodom, wa bluu, na pale chini palipobonyea Daudi alipokuwa akiegesha baiskeli, kila jioni nikimgombeza. Mlango ulikuwa tayari, umebaki ukuta wa kuuzunguka, na ukuta ule ulikuwa wa udongo wa palepale. Rangi nyingine ingekuwa uongo. Nikaingiza mkono ndani ya ndoo. Nikalia, Bibi, nikapaka, nikalia, nikapaka. Wenzangu waliendelea na kazi zao kama ulivyotufundisha, hakuna aliyegeuka. Nilipomaliza niliisikia baiskeli ikigonga mlango. Haki ya Mungu niliisikia. Nikasema, "Wewe Daudi, utautoboa huo mlango."

Ndoo imeisha udongo, na zamu ya kuijaza nimeiomba mimi. Ijumaa napanda Jorodom, mahali penyewe, ambako sijakanyaga tangu siku ile. Jumamosi nitapitia kwako kwanza kabla ya bandani, nikuletee konzi yangu, maana ile ya Rehema ilikuwa ya kuazima.

Pumzika, Bibi wangu. Msalimie mama yako, najua sura yake sasa unaiona.

Kijiko nimekirudisha jikoni.

Paulina wako