Baba Elina, Kibati Nimekitazama

Kumbukumbu ya marehemu Yordani Shekiondo, mfamasia, Korogwe
Alifariki Machi 11, 2003

Mwaka umetimia leo, Baba Elina, tangu ututoke. Watu waliniambia mwaka ukipita moyo unatulia. Wamenidanganya, na nikikutana nao nitawaambia.

Kwa asiyekujua, ulikuwa mfamasia wa hospitali kwa miaka kumi na moja. Milango ya biashara ilipofunguliwa, maduka ya dawa yakaota kila kona, kuanzia Segera hadi Mkumbara, na vidonge vya chokaa vikaja humo humo. Ukaacha kazi ya serikali. Ndugu zako wakasema umerukwa na akili, na mimi niliwaunga mkono, sitaficha.

Ukanunua sanduku la kupimia dawa. Ukayahamisha mahindi yangu kutoka stoo, ukaziba dirisha kwa blanketi, pakawa chumba cha giza. Unasaga kidonge, unakiyeyusha kwenye spiriti, unadondosha tone kwenye kibati cheupe. Kushoto dawa unayoijua, kulia dawa unayoitilia shaka. Halafu unawasha taa yako ya zambarau. Kibati chote kinang'aa kijani, na dawa ya kweli inaonekana kama doa jeusi. Yakionekana madoa mawili, duka linapewa kibandiko chako. Likionekana moja, mwenye duka anakununia mpaka Pasaka. Sokoni walisema una taa ya kichawi, ukacheka, ukawaita waje watazame wenyewe.

Macho yako mwenyewe hukuyaamini. Ulisema mtu huona anachokitaka. Kwa hiyo lazima mwingine atazame kwanza: mimi, au binti yetu Elina, au hata mama aliyeleta ndizi. Wewe unasimama nje ya mlango, umetupa mgongo, unauliza, "Umeona nini?" Mpaka mchuzi wangu ulikuwa unauonja na kuniuliza hivyo. Jamani, mwanaume wewe! Chai bila sukari, vifungo vya shati unashona mwenyewe, na pikipiki yako inajulikana mpaka Kang'ata kwa mlio tu. Nimekukosa hata kwa yale yaliyokuwa yananiudhi.

Lakini mwaka huu hukukaa kimya, nawe unajua.

Ilianza wiki ya tatu baada ya mazishi. Saa sita mchana, jua kali, niko uani naanua nguo. Nikasikia kutoka stoo, kwa sauti yako ile ya taratibu, "Umeona nini?" Nikadhani ni redio ya jirani. Kesho yake tena, saa ile ile. Nikafungua mlango, hakuna mtu. Nikagusa taa, ilikuwa ya moto, na waya wake uko sakafuni, haujachomekwa popote. Niliogopa, Baba Elina. Nilikufokea pia. Nikasema, wewe umeshakufa, pumzika, tuachie nyumba.

Mwezi wa nane akaja Salaash, yule mfugaji wa Kang'ata, na beberu wa shukrani. Akaniamkia vizuri, akauliza, "Mzee yuko wapi? Wiki iliyopita tulikuwa wote Segera."

Nikamwambia kaa kwanza, baba, unywe chai.

Akaeleza amesimama. Binti yake Nasieku alikuwa na homa, naye alikuwa ametoka kununua vidonge pale njia panda. Ukamjia mchana kweupe, umevaa sweta lako la kahawia, begi begani. Ukamwambia atoe kidonge, akiinue juani. Ukamuuliza, "Umeona nini?" Akajibu haoni kitu. "Basi usimpe mtoto," ukasema, ukashika barabara ya Korogwe kwa miguu. Salaash akatupa vidonge, akampeleka Nasieku hospitali, na mtoto amepona.

Nilimwambia tulikuzika Machi, na sweta lile ndilo tulilokuvika. Alilaza fimbo yake chini, akakaa. Chai hakuinywa. Beberu alimwacha.

Wengine wakisoma hapa watasema ni upendo wako, bado unalinda watu. Mimi nilijua unanifuata mimi. Sasa nalisema lile ambalo sikumwambia mtu.

Ulipougua malaria, kwinini yote tuliyokuwa tumeipima ulikuwa umeipeleka Handeni. Nilikuwa natoka huko kuifuata, nikakuta imekwisha; nikashuka Segera kubadilisha gari, nikanunua kopo kwenye duka lisilo na kibandiko chako. Nilifika nyumbani ukiwa unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Ukaliona kopo ukasema, "Pima kwanza, Mama Elina."

Nikapima. Nilifanya kila kitu ulivyonifundisha, nikakausha kibati, nikabonyeza taa. Haikuwaka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wewe kitandani hukujua. Nilisimama gizani na kibati mkononi, nakusikia unavyohema. Nikaona nikisubiri umeme, utakufa mikononi mwangu. Ukauliza kutoka chumbani, "Umeona nini?"

Nikasema, "Nimeona mawili. Safi."

Ukameza. Ukakunja uso ukasema, "Kwinini hii mbona haina uchungu?" Nikakujibu homa imekuharibu ulimi. Ukaniamini, wewe usiyeamini hata macho yako. Siku ya tatu tulikukimbiza hospitali, na daktari akasema mmechelewa.

Umeme ulirudi jioni ile ile. Kibati nilikitia kwenye bahasha, nikakificha chini ya khanga zangu. Mwaka mzima kilikuwa humo. Ilikuwa ni kubonyeza taa tu, na sikuweza. Nilijiambia huenda ni mawili kweli, huenda ulikufa kifo chako tu. Nilitaka niendelee kutojua.

Jumapili iliyopita nilimwita dada yako Asnath, na Elina akaja kutoka chuoni. Nikatoa bahasha. Nikamwambia Asnath aingie yeye kwanza kama ulivyotaka, nami nikasimama nje, nimewapa mgongo. Taa ikawaka. Nikauliza, "Wifi, umeona nini?"



"Doa moja, wifi. La kushoto tu."

Nikaingia mwenyewe. Upande wa kulia palikuwa kijani kitupu, hata kivuli hakuna. Elina alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Kibati hiki ni cha dawa ya nani?" Nikamwambia yote palepale, mbele ya shangazi yake. Elina hakulia. Alizima taa, akatoka.

Duka lile la Segera halipo tena, sasa hapo anakaa muuza viatu. Lakini kopo lile halikuwa peke yake. Yeyote aliyenunua kwinini ya kopo jeupe pale njia panda mwanzoni mwa mwaka jana, na bado analo kabatini, asimpe mtu. Alilete Korogwe. Nitalipima bure, na atatazama yeye kwanza. Aliyefiwa baada ya kutumia dawa ile naye aje. Sina la kumpa zaidi ya kukaa naye.

Na wewe, Baba Elina, nimekuambia. Tangu Jumapili stoo iko kimya na taa ni ya baridi. Mchana nakaa uani nasikiliza, wala husemi. Sijui kama umepumzika au umenikasirikia, na kimya hiki kinanitisha kuliko sauti yako. Kama ni hasira, nastahili. Kama ni msamaha, usiutoe haraka.

Unakumbukwa na dada yako Asnath Shekiondo na watoto wake, Ernesti wa duka ulilolipa kibandiko, familia ya Salaash ya Kang'ata, na mimi mke wako, Beatrisi. Siku zote tulizobakiwa nazo tutakuwa tunakukumbuka.

Binti yetu ameomba jina lake lisikae pamoja na langu. Nimekubali, naliandika peke yake.

Elina Yordani Shekiondo.